Ardhi Nayo Yahitaji Stara

 

Anayesafiri kutoka Segera kwenda Tanga katika mwezi wa Februari, siku chache kabla ya masika kuingia, huona jambo ambalo kwa kuzoeleka kwake halimshughulishi mtu tena. Kuanzia Hale hadi Muheza, na kutoka Muheza hadi Pongwe, moshi umesimama juu ya mashamba. Wakulima wamefyeka, wamekusanya majani na mabua, wamefanya mabiwi na kuyatia moto. Baada ya siku mbili tatu shamba hubaki jekundu, limefagiwa kama uwanja wa nyumba ya harusi, halina jani wala kijiti. Apitaye njiani husifu: huyu ni mkulima hodari, shamba lake safi.

Ijumaa hii tumeona tuitazame upya sifa hiyo. Sisi ni watu tunaowafundisha watoto wetu, tangu wakiwa wadogo, kwamba stara ni sehemu ya utu. Hatutoki nje bila nguo, hatumwachi maiti bila sanda, hata chakula cha mgeni hakivuki ua bila kawa juu yake. Lakini ardhi inayotulisha tunaivua nguo kila mwaka, nguo yenyewe tunaitia moto, kisha tunaiacha wazi chini ya jua la kaskazi na mvua ya kwanza ya masika. Halafu tunalalamika kwamba ardhi imechoka. Maoni yetu ni kwamba ardhi hiyo tumeichosha wenyewe, na kwamba dawa yake ya kwanza ni kuifunika.

SHAMBA LILILOKUWA LIKITOA ZAKA

Wazee wetu wa Bondei, wa Digo na wa Pangani hawakuwa wajinga wa jambo hili. Shamba likipungua nguvu waliliacha lilale. Walihamia upande mwingine wa ardhi ya ukoo, na lile la kwanza likafunikwa na vichaka kwa miaka mitano, saba, hata kumi. Majani yalianguka na kuoza, mizizi ilichimbua udongo, na waliporudi walikuta ardhi imepumzika. Hata katika shamba lililokuwa likilimwa, hawakupanda zao moja peke yake. Baina ya muhogo na mahindi palikuwa na kunde, na chini yake matango na maboga yaliyotambaa na kuficha udongo.

Leo nani ana ardhi ya kulaza miaka saba? Ekari nane za babu ziligawiwa kwa warithi, na warithi nao wana warithi. Sheria ya mirathi ni haki na hatuna neno juu yake, lakini ardhi haizai ardhi. Aliyerithi ekari moja na nusu hulima ekari moja na nusu ile ile kila masika na kila vuli, mwaka baada ya mwaka. Tumeiacha dawa ya wazee kwa kukosa nafasi, na hatukutafuta nyingine badala yake. Hapo ndipo tatizo lilipo.

Matokeo yake kila familia inayojua jembe inayafahamu. Tuyapime kwa kipimo ambacho Waislamu tunakijua. Zaka ya mazao huwa wajibu yanapofikia nisabu, ambayo kwa makadirio yanayotumiwa na wengi ni kiasi cha kilo 650, yaani magunia sita na nusu ya kilo mia moja. Akifikisha hapo, mkulima wa mvua hutoa sehemu moja ya kumi, na anayemwagilia kwa gharama na taabu hutoa nusu ya hiyo. Ziko familia nyingi ambazo babu yao alikuwa akitoa zaka ya mahindi kila mavuno, na leo mjukuu, juu ya kipande cha shamba lile lile, hafikishi nisabu. Wengine wamefika mahali pa kungojea kupewa zaka badala ya kuitoa. Ukubwa wa kipande ni sababu moja. Lakini hata mavuno ya kila ekari yamepungua, na hilo halisababishwi na mirathi.

SOMO LA MKONGE

Mkoa wa Tanga una kumbukumbu kubwa ya ardhi iliyotolewa bila kurudishiwa. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta mkonge katika nchi hii kutoka Florida, Marekani, kwa kupitia Hamburg. Miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo yalienea mashamba yaliyofunika nchi yote kutoka Tanga hadi Korogwe na kuendelea, na katika mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000 za nyuzi.

Tuangalie hesabu ya jani la mkonge. Katika kila kilo mia za majani yanayoingia kwenye mashine, nyuzi ni kilo nne au tano tu. Zilizobaki ni maji na makapi, na humo ndimo imo sehemu kubwa ya chokaa, potasi na vyakula vingine ambavyo mmea umevivuta kutoka ardhini. Kwa miaka mingi makapi hayo yalitupwa kando ya mashine au kumiminwa mitoni, na machache sana yalirudi shambani. Watafiti waliolinganisha sampuli za udongo wa mashamba ya mkonge ya Tanga, zile za zamani na zilizochukuliwa miongo kadhaa baadaye, walikuta asidi imezidi na potasi na chokaa zimepungua. Mkonge ulianguka kwa sababu nyingi, bei ya dunia na kamba za plastiki zikiwa mbele, lakini udongo uliobaki nyuma yake ni ushahidi kwamba hakuna shamba kubwa kiasi cha kuchotwa milele.

Inafaa kukumbuka pia kwamba katika mashamba hayo hayo ilitumika mimea ya jamii ya kunde, inayotambaa baina ya mistari ya mkonge, kufunika ardhi na kuyabana magugu. Maarifa hayo basi si mageni katika mkoa huu. Kituo cha utafiti cha Mlingano, wilayani Muheza, kilichojulikana duniani kwa mkonge, ndicho hadi leo, kwa jina la TARI Mlingano, kinachoshughulikia utafiti wa udongo wa nchi nzima. Wakulima wa Muheza, Mkinga na Pangani wana chuo cha udongo mlangoni mwao, na wengi wetu tunakipita tukienda sokoni.

NGUO YA ARDHI

Ardhi inapokuwa wazi hupatwa na mambo matatu. Kwanza, tone la mvua ya masika huuangukia udongo kwa nguvu, huupasua na kuziba vitundu vyake, na maji badala ya kuzama huteremka na kuchukua tabaka la juu ambalo ndilo lenye rutuba. Pili, jua huupasha udongo moto hadi nyungunyungu na wadudu wadogo wanaouchimbua hukimbia chini au hufa. Tatu, magugu hupata mwanga wanaoutaka, nayo ndiyo ya kwanza kuota.

Moto nao huongeza hasara. Ni kweli majivu hutia nguvu kidogo, na ndiyo maana mahindi ya mwaka wa kwanza baada ya moto hupendeza macho. Lakini naitrojeni iliyokuwa ndani ya majani hupanda juu pamoja na moshi, na majivu yenyewe mvua ya kwanza huyachukua. Mkulima huwa amekula mtaji akidhani ni faida.

Mimea ya kufunika ardhi hufanya kinyume cha hayo yote. Iliyo bora kwa kazi hii ni ya jamii ya kunde, kwa sababu kwenye mizizi yake kuna vinundu ambamo vijidudu visivyoonekana kwa macho huichukua naitrojeni iliyomo hewani na kuifanya chakula cha mmea. Mola ameijaza hewa naitrojeni, karibu sehemu nne kwa tano yake, na mahindi hayawezi kuigusa. Kunde humega katika hazina hiyo bila kutudai shilingi moja. Mmea huo ukioza shambani, mahindi yanayofuata hukuta karamu imekwisha andaliwa.

Tuutaje mmea mmoja ambao watu wa pwani watamtambua nduguye. Kila mtoto aliyekulia shamba anaujua upupu na muwasho wake. Upupu huo una ndugu aliyefugwa, asiyewasha, ambaye mabwana shamba humwita mukuna. Mukuna hutambaa, hufunika ardhi kama mkeka, na unapokubali vizuri huweza kuipatia hekta moja naitrojeni ya kilo mia moja au zaidi. Mvua zetu mbili zinamfaa. Mahindi hupandwa masika, mwezi wa Machi. Yakifikia magoti, baada ya wiki nne hadi sita, mukuna hupandwa baina ya mistari. Ukipandwa mapema kuliko hapo utayapanda mahindi na kuyaangusha. Mahindi yakivunwa, mukuna hubaki peke yake shambani, ukiifunika ardhi miezi yote ya kusi. Mvua ya vuli inapokaribia, mkulima huufyeka na kuuacha ulale pale pale, kisha hupanda kwa kutoboa mashimo katika matandazo yake, bila moto na bila kuchimbua shamba zima.

Mbegu za mukuna, hata hivyo, si za kupika nyumbani kama kunde, kwa kuwa zina kemikali inayodhuru zisipoandaliwa kwa utaalamu. Hili tunalisema wazi ili asije mtu akailetea familia madhara.

MAGUGU HUSHINDWA KWA KIVULI

Katika kilimo chetu kazi nzito kuliko zote ni palizi, na palizi ni kazi ya mama na watoto. Baba hufyeka na kuchoma, akamaliza. Mama huinama tangu alfajiri, mtoto mgongoni, na anapofika mwisho wa shamba, mwanzo umekwisha ota tena. Mahindi yanahitaji usafi zaidi katika wiki zake za mwanzo, na mama akiugua wiki mbili tu katika kipindi hicho, mavuno ya mwaka mzima yamepungua. Kwa hiyo mazungumzo ya magugu ni mazungumzo ya afya ya wake zetu na masomo ya watoto wetu kabla hayajawa mazungumzo ya mahindi.

Yapo magugu ambayo jembe huyazidisha. Ndago ukiikatakata kwa jembe, kila kitunguu chake kidogo kilichobaki ardhini huota mche wake. Sangari nayo kila pingili ni mbegu. Magugu haya mawili yana udhaifu mmoja: hayapendi kivuli. Mkeka wa mukuna au fiwi ukiwa juu yake kwa miezi mitano, nguvu zake huvunjika, kwa sababu mmea usiopata mwanga hula akiba yake hadi iishe. Katika nchi ya Benin, huko Afrika Magharibi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 maelfu ya wakulima waliupokea mukuna, na kilichowavutia wengi hakikuwa mbolea yake. Kilichowavutia ni kwamba uliwaondolea ile nyasi kali yenye mashina ya chini yanayochoma kama sindano, iliyokuwa imewatoa katika mashamba yao.

Liko gugu jingine ambalo wakulima wa mahindi, mtama na mpunga wa vilimani wanalihofu kuliko yote, nalo ni kiduha. Maua yake ni mazuri, lakini mizizi yake imejishika kwenye mizizi ya mahindi na kunyonya. Shina moja hutoa mbegu makumi ya maelfu, ndogo kama vumbi, na huweza kukaa ardhini zaidi ya miaka kumi zikingoja. Kiduha hustawi zaidi palipo na udongo mnyonge, hivyo kuirutubisha ardhi ni kumpiga mahali anapoumia. Watafiti wa nchi yetu waliojaribu mimea ya mbolea ya kijani katika mpunga wa vilimani, Kyela na Matombo, waliona kiduha kikipungua na mpunga ukiongezeka palipotangulia mmea uitwao marejea.

Marejea huo una historia yake. Aliyeueneza sana nchini katika miaka ya 1980 alikuwa Padri Gerold Rupper wa abasia ya Peramiho, mkoani Ruvuma. Tunamtaja bila haya, kwani Muislamu ameelekezwa kuichukua hekima popote anapoikuta. Na huko Kenya, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, kwenye mashamba yake ya Mbita kando ya Ziwa Viktoria, kiligundua katika miaka ya 1990 kwamba desmodi ikipandwa baina ya mahindi, mizizi yake hutoa kitu kinachoziamsha mbegu za kiduha kabla ya wakati na kuzizuia zisiushike mzizi wa mahindi. Zinaota, zinakosa pa kunyonya, zinakufa. Pembeni ya shamba hupandwa mabingobingo, ambayo huwavuta nondo wa funza wa mabua watage huko badala ya kwenye mahindi, na mimea yote miwili ni chakula cha ng'ombe na mbuzi.

Hata katika michungwa ya Muheza na minazi ya Pangani, tabia ya kulima chini ya miti hadi ardhi iwe nyekundu ina hasara isiyoonekana. Chungu maji moto, ambao wachumaji huwalaani kwa kuwauma, ni walinzi wa miti dhidi ya kunguni anayedondosha vinazi vichanga. Wataalamu waliochunguza mashamba ya nchi yetu wameonyesha kwamba ardhi ikiachiwa majani ya kiasi, maji moto hustawi, na ikilimwa ikawa tupu, hutawala chungu wengine wa ardhini wanaowafukuza. Aliyedhani anasafisha shamba kumbe anamfungulia mwizi mlango.

Dawa za magugu za madukani nazo zimeenea, na hatusemi ni haramu. Tunasema zitumiwe kwa kipimo, kwa mavazi ya kinga na kwa ushauri wa bwana shamba, na chupa zake zisigeuzwe vyombo vya maji ya kunywa. Aliyekwisha kuua magugu kwa dawa na kuiacha ardhi wazi atahitaji dawa tena msimu ujao. Aliyeifunika ardhi atahitaji kidogo, au hatahitaji kabisa.

MASWALI YA MKULIMA

Tunajua maswali yatakayoulizwa, na yana haki ya kujibiwa. La kwanza: mwenye ekari moja atakula majani? Jibu ni kwamba asipande mukuna shamba zima. Apande kunde, choroko au fiwi, ambazo hufunika ardhi na huliwa, au mbaazi, ambayo mizizi yake huzama sana na majani yake huanguka kwa wingi. Katika muhogo, ambao miezi mitatu ya kwanza huiacha ardhi wazi, kunde hupata nafasi ya kukomaa na kuvunwa kabla muhogo haujafunga. Kwa udongo wa kichanga wa karibu na bahari, kunde ni mwenyeji kuliko sisi.

La pili: mchwa watayala matandazo. Ni kweli, watayala, na ndiyo sababu mmea ulio hai hufaa zaidi pwani kuliko majani makavu peke yake. La tatu: nyoka na panya. Tusiulete mkeka wa mukuna hadi ukutani kwa nyumba, na njia za shambani tuziache wazi. La nne, na hili ni zito, ni mifugo inayoingia mashambani baada ya mavuno na kumaliza kila kilichobaki. Hapa mkulima mmoja hawezi peke yake. Ni jambo la mkutano wa kijiji, la makubaliano baina ya wakulima na wafugaji, ambao wengi wao ni ndugu zetu wanaoswali nasi safu moja. Suluhu baina ya watu ina daraja kubwa katika dini yetu, na suluhu juu ya malisho ni bora kuliko kesi juu ya malisho.

La tano: faida itaonekana lini? Mkulima asiahidiwe muujiza. Magugu hupungua mapema, lakini udongo uliochoshwa kwa miaka ishirini haurudi kwa msimu mmoja. Aanze na robo ekari, alinganishe mwenyewe na sehemu iliyobaki, ahesabu siku za palizi na debe za mavuno, kisha aamue.

Tunasisitiza aamue mwenyewe kwa sababu historia ya mkoa huu inatuonya. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilianzisha kule Usambara mpango wa kuhifadhi udongo, ukianzia bonde la Mlalo mwaka 1946. Wakulima waliamrishwa kuchimba matuta katika miteremko, kwa vitisho na faini, na mzigo mkubwa ukawaangukia wanawake. Watu walikataa, na mpango ulianguka hata kabla ya uhuru. Nia ya kuokoa udongo ilikuwa na msingi, lakini iliyokosekana ni shura. Anayetaka kufundisha stara ya ardhi leo na aje kwa hoja na mfano, na aende kwanza kwa akina mama ambao ndio wanaoshika jembe la palizi.

TUANZE NA SHAMBA LA WAKFU

Basi tufanye nini? Misikiti mingi ya pwani yetu ina mashamba ya wakfu, ya minazi, ya michungwa, au vipande vya kulima. Mengi yametupwa, au yamekodishwa kwa mtu anayeyachota bila kuyarudishia. Aliyeyaweka wakfu alikusudia thawabu zisizokatika, na thawabu haziwezi kuendelea kutoka katika udongo uliokufa. Tunapendekeza kamati za misikiti zitenge robo ekari ya wakfu, ipandwe mimea ya kufunika ardhi kwa misimu mitatu, na watu waione wakitoka kuswali. Mtaalamu wa Mlingano au bwana shamba wa kata aalikwe, sampuli ya udongo ipimwe mwanzo na mwisho.

La pili ni mbegu. Mbegu za mukuna, fiwi na marejea hazipatikani kwa urahisi katika maduka yetu. Shamba hilo la wakfu liwe ghala la mbegu. Mkulima apewe kibaba kwa mkopo mwema usio na riba, arudishe kibaba baada ya mavuno, na kibaba hicho apewe mwingine.

La tatu linawahusu hata wasiolima. Wakazi wa jiji la Tanga wanakunywa na kutawadha kwa maji ya mto Zigi, yanayokusanywa katika bwawa la Mabayani. Udongo unaoporomoka katika mashamba yaliyo wazi huko juu huishia bwawani humo. Wakulima wa bonde hilo wana umoja wao, UWAMAKIZI, unaohimiza kilimo kisichobomoa ardhi, na anayefungua bomba mjini ana deni kwao. Vijana waliohamia mjini kuendesha bodaboda, ambao kipande chao cha mirathi kinalimwa na mama peke yake, wamtumie mama gharama ya mbegu hizo kabla ya vuli. Ni zawadi ndogo itakayompunguzia siku nyingi za kuinama.

Waislamu wa zamani hawakuona kwamba mambo ya udongo yako chini ya hadhi ya elimu. Ibn Bassal wa Toledo, katika karne ya 11, aliugawa udongo mafungu kumi na kueleza tabia ya kila fungu, na Ibn al-Awwam wa Seville, katika karne iliyofuata, aliandika kitabu kikubwa cha kilimo chenye milango ya udongo na samadi. Mafakihi nao waliweka mlango mzima wa sheria juu ya kuhuisha ardhi iliyokufa, wakampa haki mwenye kuihuisha. Kama kuhuisha kuna haki na thawabu, tujiulize hesabu ya anayeipokea ardhi ikiwa hai na kuwaachia wanawe ikiwa imekufa.

Tumefundishwa kwamba kile anachokula ndege, mnyama au mtu katika shamba la Muislamu huandikwa sadaka kwa mwenye shamba. Ndani ya kiganja kimoja cha udongo ulio hai kuna viumbe wasiohesabika wanaokula na kumsabihi Mola wao. Mwezi wa Februari ukifika, na kiberiti kikawa mkononi, tusimame kidogo kabla ya kukiwasha. Yale majani ni nguo ya ardhi, na ardhi ni amana tuliyopokea kutoka kwa wazee wetu ili tuwafikishie watoto wetu.

Tunamwomba Allah atupe mvua yenye manufaa, aibariki ardhi yetu na mikono inayoilima, na atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kutunza amana. Wabillahi tawfiq.